Big Boy, 59 na ubishi wa Tabora

SWALI: Shikamoo mzee. Niko Tabora. Mimi na wenzangu wanne tumekuwa wapenzi wa treni tangu utotoni, na tuna ubishi uliotushinda kuumaliza. Mmoja wetu sasa anaishi Marekani. Anatutumia picha za Big Boy, injini ya mvuke ya kampuni ya reli ya Union Pacific, na kusema hakuna injini ya mvuke iliyowahi kuifikia, na kwamba injini za Garratt za Afrika Mashariki, hata zile za daraja la 59, ni watoto mbele yake. Marehemu babu yangu alikuwa fayamani, mtunza moto wa injini, hapa hapa Tabora, na hadi anafariki alikuwa akisema hakuna kama Garratt. Nani mkweli? Na je, kuna njia ya haki ya kulinganisha vichwa vya treni vya nchi mbalimbali, pamoja na hivi vya SGR yetu na ya Kenya ambavyo vijana wanabishania kila siku?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ubishi huo niliukuta karakana siku ya kwanza nilipoajiriwa, na siku niliyostaafu niliuacha ukiwa mzima wa afya. Nitakujibu kwa kirefu, maana nikikupa neno moja utarudi nalo kijiweni na litapinduliwa kabla chai haijapoa.

Msimamizi wangu wa kwanza, mzee aliyeanza kazi enzi za mvuke, alikuwa na tabia moja. Ukimwonyesha picha ya injini ya nchi yoyote, hakuanza na boila wala magurudumu. Alitazama chini. Alitaka kuona reli ina upana gani, chuma chake kina unene gani, mataruma yamepangwa karibu karibu au mbali mbali, kokoto zimejaa au zimepungua. Akishamaliza hapo ndipo anainua macho. Nilidhani ni mazoea ya uzee tu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa anasoma jibu kabla ya kusoma swali.

Basi tufanye kama yeye. Lakini kwanza tuwaweke hao wawili wasimame mbele yetu.

Big Boy zilikuwa 25. Zilijengwa na kampuni ya ALCO mjini Schenectady, jimbo la New York: 20 mwaka 1941 na 5 mwaka 1944. Union Pacific ilizitaka kwa kazi moja iliyokuwa ikiisumbua, nayo ni kupandisha treni za mizigo milima ya Wasatch, kutoka Ogden, Utah, kuelekea Wyoming. Kabla yake treni nzito ilihitaji injini ya pili ya kusaidia mlimani, na kila kuunganisha na kufungua kulikula muda, maji na watu. Kampuni ikaagiza injini moja iwezayo kuvuta tani 3,600 za Kimarekani kwenye mwinuko wa 1.14% bila msaada. Walipata walichoagiza. Ukiijumlisha na tenda yake ya maji na makaa, Big Boy ina uzito wa tani 545 hivi na urefu wa mita 40. Moja yao, namba 4014, ilirudishwa njiani mwaka 2019 baada ya kugeuzwa itumie mafuta badala ya makaa. Nadhani hiyo ndiyo mwenzenu anayowatumia picha zake, na ana haki kabisa ya kuipenda.

Za 59 zilikuwa 34, namba 5901 hadi 5934. Zilijengwa na Beyer, Peacock mjini Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956, kwa ajili ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Kila moja ina uzito wa tani 256 hivi na urefu unaokaribia mita 32. Zilipakwa rangi ya damu ya mzee na zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kazi yao ilikuwa njia ya Mombasa hadi Nairobi, kilomita 530 za kupanda kutoka usawa wa bahari hadi juu ya mita 1,600.

Ukiishia hapo, mwenzenu ameshinda. Tani 545 kwa 256, mchezo umekwisha. Lakini hesabu magurudumu. Big Boy ina magurudumu 16 yanayoendeshwa na mvuke, na 59 nayo ina 16. Big Boy ina silinda nne, na 59 ina nne. Hizi mbili, moja ya Marekani na moja ya Mombasa, zina mpangilio wa nguvu unaofanana kuliko watu wengi wanavyodhani: seti mbili za injini, kila seti na ekseli nne za kuvuta. Sasa tazama nguvu ya kuvuta. Ya Big Boy ni tani 61 hivi, na ya 59 ni tani 38 hivi. Yaani 59 inavuta zaidi ya asilimia 60 ya inachovuta Big Boy, huku uzito wake haufiki hata nusu ya uzito wa Big Boy.

Tofauti iliyobaki imetoka wapi? Hapa ndipo msimamizi wangu anapotazama chini.

Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza kwa urahisi. Injini haiwezi kuvuta kwa nguvu inayozidi sana robo ya uzito uliokaa juu ya magurudumu yake ya kuendesha. Ukizidisha, yanazunguka papo hapo na treni haiendi. Kwa hiyo ukitaka mvuto zaidi kutoka ekseli nane zile zile, njia ni kuzitwisha uzito zaidi. Na hilo si mhandisi wa injini anayeliamua. Linaamuliwa na reli, mataruma, tuta na madaraja. Reli ya Union Pacific ilikubali ekseli moja ikanyage kwa zaidi ya tani 30. Reli ya Mombasa, hata baada ya kuimarishwa, ilikubali 21. Ukitwisha zaidi, reli inapinda, daraja linalalamika, na siku moja injini inaacha njia.

Kisha kuna upana. Union Pacific inatembea kwenye reli ya milimita 1,435. Ya Mombasa ni mita moja kamili, kipimo kilichochukuliwa India wakati Waingereza walipoanza kuijenga mwaka 1896, kwa sababu vifaa, injini na mafundi walitoka huko. Wajerumani nao walijenga kwa mita moja upande wetu, kuanzia Tanga mwaka 1893. Mita moja ni hatua moja ndefu ya mtu mzima. Juu ya hatua hiyo moja, wahandisi wa Manchester walilaza boila yenye kipenyo cha mita 2.28. Boila nene kuliko mara mbili ya upana wa reli iliyoibeba! Niliposimama mbele yake kwa mara ya kwanza kwenye jumba la makumbusho ya reli Nairobi nilirudi hatua tatu nyuma, maana macho yanakwambia kitu hiki kitaanguka. Hakianguki, na sababu yake ndiyo kiini cha jina Garratt.

Herbert William Garratt alikuwa mhandisi Mwingereza aliyefanya kazi kwenye reli za nchi nyingi. Wazo lake lilitoka mwanzoni mwa karne ya 20, na injini za kwanza zilipelekwa Tasmania mwaka 1909 kwenye reli ya milimita 610 tu. Badala ya kuweka boila juu ya magurudumu, aliitundika katikati ya bogi mbili, yaani fremu za magurudumu zinazogeuka, kila moja na injini yake, kama machela inayobebwa na watu wawili. Bogi ya mbele inabeba tangi la maji, ya nyuma inabeba mafuta au makaa na maji mengine. Chini ya boila hakuna gurudumu. Hivyo boila inaweza kuwa nene na fupi, na tanuri linaweza kuwa pana na lenye kina, bila kubanwa na magurudumu. Kwenye kona, bogi zinafuata mzingo na boila inakata ndani ya kona, kama uzi wa upinde, kwa hiyo uzito haukimbilii nje. Big Boy iko tofauti. Boila yake imefungwa imara juu ya seti ya nyuma, na seti ya mbele ndiyo inayogeuka peke yake, hivyo kwenye kona pua ya boila inatokeza nje ya njia. Huko Wyoming kona ni pana na halikuwa tatizo. Kwenye kona kali za mita moja ingekuwa habari nyingine.

Faida ya pili ya Garratt ni kwamba maji na mafuta hayavutwi nyuma kwenye tenda kama mzigo mfu; yamekaa juu ya bogi za kuvuta na kuzisaidia kushika reli. Hapo ndipo 59 inapopata mvuto mkubwa kwa uzito mdogo. Ila nisikufiche hasara yake: kadiri maji na mafuta yanavyopungua safarini, ndivyo injini inavyokuwa nyepesi na magurudumu kuanza kuteleza. Na mabomba ya mvuke yanayopita kwenye viungo vinavyogeuka yalitaka fundi mwenye subira.

Sasa tuwape kazi halisi, tuache karatasi. Hesabu ya mlima ni rahisi, na ukiijua utashinda ubishi mwingi. Kwenye mwinuko wa 1.5%, yaani reli inapanda mita moja na nusu kwa kila mita 100, kila tani 100 za treni zinakuvuta nyuma kwa tani moja na nusu. Za 59 zilipewa treni za tani 1,200 kwenye mwinuko wa namna hiyo, kwa hiyo mlima peke yake ulizivuta nyuma kwa tani 18. Tani 3,600 za Kimarekani ni tani 3,270 za kawaida, kwenye 1.14% mlima unavuta nyuma tani 37. Kwa hiyo 59 ilifanya takriban nusu ya kazi ya Big Boy ikiwa na takriban nusu ya chuma cha Big Boy. Kwa kila tani ya injini, wametoka karibu sare. Tena mmoja wao alikuwa amesimama juu ya reli nyembamba zaidi na laini zaidi.

Mwenzenu atauliza, na kasi je? Hapo mpe haki yake yote. Kuvuta ni jambo moja na kuvuta haraka ni jambo lingine. Nguvu za farasi ni mvuto uliozidishwa kwa kasi. Big Boy ina magurudumu ya kipenyo cha sentimita 173, ya 59 ni sentimita 137, na mvuke wa Big Boy ulisukuma kwa paundi 300 kwa inchi ya mraba wakati wa 59 ni 225. Sakafu ya tanuri la Big Boy ina eneo la mita za mraba 14, zaidi ya mara mbili ya 59, na makaa yalisukumwa ndani kwa mashine kwa sababu hakuna binadamu ambaye angelilisha kwa koleo. Kwenye majaribio ya mwaka 1943 Big Boy ilitoa zaidi ya nguvu za farasi 6,000 nyuma ya tenda, ikienda zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Hakuna injini ya reli ya mita moja iliyokaribia hapo. Ukiniuliza nani mwenye nguvu za farasi nyingi, ni Big Boy, na hakuna haja ya kupiga kura.

Lakini "hakuna iliyowahi kuifikia" hiyo si kweli, hata huko huko Marekani. Mwaka 1941, mwaka ule ule, kiwanda cha Lima mjini Lima, Ohio, kilitengeneza kwa ajili ya reli ya Chesapeake and Ohio injini zinazoitwa Allegheny, zenye ekseli sita tu za kuvuta. Kwenye vipimo zilitoa zaidi ya nguvu za farasi 7,000. Na kwa mvuto mtupu, reli ya Virginian ilikuwa na injini za mwaka 1918 zenye ekseli kumi za kuvuta, zilizovuta kwa nguvu kuliko Big Boy ingawa zilitambaa kama kobe. Big Boy imependwa kwa sababu ni ndefu, ni nzuri, jina lake linakaa mdomoni, na moja inatembea hadi leo. Sababu nzuri zote hizo. Ila umaarufu haupimwi kwa tani.

Nikuonye pia kuhusu takwimu zenyewe, maana hapa ndipo wapenzi wa treni wengi wanapopotoshana bila kukusudia. Tani ya Kimarekani ni kilo 907. Tani ya Kiingereza ni kilo 1,016. Tani ya kwetu ni kilo 1,000. Kwenye injini ya tani 500, tofauti ya tani hizo tu ni zaidi ya tani 50 za uongo. Kisha kuna mvuto wa kwenye karatasi, ambao unakokotolewa kutoka ukubwa wa silinda, shinikizo la mvuke na kipenyo cha gurudumu. Wamarekani, Waingereza na Afrika Mashariki walikokotoa kwa kuchukua asilimia 85 ya shinikizo la boila. Afrika Kusini walichukua asilimia 75.

Hili lilinipata mimi mwenyewe. Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba 59 yetu, yenye mvuto wa paundi 83,350, imeishinda Garratt kubwa ya Afrika Kusini, GL ya mwaka 1929, iliyoandikwa paundi 78,650. Siku moja nikakaa na kalamu nikaikokotoa GL kwa asilimia 85. Ikatoka zaidi ya paundi 89,000. GL ndiyo inayovuta zaidi! Nilikaa kimya muda mrefu siku hiyo. 59 inabaki kuwa injini ya mvuke kubwa kuliko zote zilizowahi kutembea kwenye reli ya mita moja popote duniani, na hilo halina mpinzani. Lakini GL, kwenye reli yake ya milimita 1,067, ilivuta zaidi ikiwa imejengwa robo karne kabla. Ukienda Manchester utaikuta moja kwenye jumba la makumbusho, imerudishwa katika mji ilikozaliwa.

Rekodi za kasi nazo zina mtego wa namna hiyo. Mwaka 1936 injini ya Ujerumani namba 05 002 ilifikia kilomita 200.4 kwa saa. Mwaka 1938, tarehe 3 Julai, Mallard ya Uingereza ikafikia maili 126 kwa saa, yaani kilomita 203, na ndiyo rekodi ya mvuke hadi leo. Ila Mallard ilikuwa inateremka mlima na Mjerumani alikuwa kwenye njia iliyo karibu tambarare. Kwa upande mwingine, Mallard ilikuwa na mabehewa mazito zaidi. Waingereza na Wajerumani wanabishana hadi kesho, na mimi siingilii, ila angalia: hata hapo swali ni reli ilikuwa imelala vipi.

Wajapani ndio walioniridhisha zaidi katika jambo hili. Reli yao ya zamani ni ya milimita 1,067, na walikuwa na wahandisi hodari waliobana kila kilomita ya kasi kutoka njia hiyo. Walipotaka kuvuka kilomita 200 kwa saa hawakuanza kwa kuunda kichwa chenye nguvu zaidi. Walijenga reli mpya ya milimita 1,435, yenye kona pana na bila makutano ya barabara, na tarehe 1 Oktoba 1964 treni za Shinkansen zikaanza kwenda kilomita 210 kwa saa kati ya Tokyo na Osaka. Walibadilisha kilichoko chini kwanza.

Sasa twende kwenye SGR, ambako damu za vijana zinachemka.

SGR ya Kenya, Mombasa hadi Nairobi, ilifunguliwa tarehe 31 Mei 2017. Inatumia vichwa vya dizeli kutoka China: DF8B kwa mizigo, chenye uwezo wa kilowati 3,680, na DF11 kwa abiria. Ya kwetu ni ya umeme, volti 25,000 kwenye nyaya za juu. Safari za Dar es Salaam hadi Morogoro zilianza Juni 2024 na Dodoma ikafuata Julai, kwa vichwa na treni za Hyundai Rotem kutoka Korea Kusini. Upana wa reli ni mmoja, milimita 1,435. Ndiyo maana watu wanaona ni rahisi kulinganisha, na ndiyo maana wanakosea.

Kosa la kwanza ni kusema kichwa cha Tanzania kina kasi kuliko cha Kenya kwa sababu kwetu abiria wanakwenda kilomita 160 kwa saa na kwao 120. DF11 iliundwa kwa kasi ya kilomita 170, na huko kwao China imefanya kazi ya treni za haraka. Inayokwenda 120 ni njia ya Mombasa, siyo kichwa. Njia ile ilisanifiwa kwa kasi hiyo ya abiria, basi hata ukiiletea kichwa cha Shinkansen kesho asubuhi kitakwenda hiyo hiyo.

Kosa la pili ni kulinganisha dizeli na umeme kana kwamba ni ng'ombe wawili wa jembe moja. Kichwa cha dizeli kimebeba kituo chake cha umeme tumboni. Injini ya dizeli inazungusha jenereta, jenereta inalisha mota za kwenye ekseli, na mafuta yote yanapanda mlima pamoja na mzigo. Kichwa cha umeme kinachukua nguvu kutoka waya. Hakibebi mafuta, na kwenye mlima mrefu hakichoki kwa sababu kinategemea mitambo iliyoko mbali, ya maji na ya gesi. Ni fahari yetu, na sioni haya kusema naipenda. Lakini waya ukikosa umeme, kichwa cha umeme ni sanduku zuri lililosimama, na cha dizeli kinapita. Kwa hiyo ukilinganisha hivi viwili, weka mezani na gridi ya taifa, na bei ya dizeli bandarini Mombasa. Bila hivyo unapima nusu ya kitu.

Kosa la tatu linahusu Mchongoko, ile treni ya abiria ya SGR yetu yenye pua iliyochongoka. Vijana wanauliza kichwa chake kina nguvu gani. Mchongoko hauna kichwa kwa maana ile ya zamani. Mota zake zimegawanywa chini ya mabehewa, ekseli nyingi zinasukuma kwa pamoja, na ile pua ni chumba cha dereva na umbo la kukata upepo. Kumbuka kanuni ya robo niliyokupa: ekseli nyingi zenye mota maana yake ni uzito mwingi unaoshika reli, ndiyo sababu unaondoka stesheni kwa kasi ile inayokubandika kwenye kiti. Kuilinganisha na DF8B inayovuta makontena ni kumlinganisha mkimbiaji na mpagazi.

Nimalizie na babu yako, maana naona swali lako lilianzia kwake.

Kama alikuwa fayamani Tabora, karibu nina hakika hakuwa kwenye 59. Njia za kwetu za Reli ya Kati hazikuweza kubeba tani 21 kwa ekseli, kwa hiyo 59 zilibaki upande wa Mombasa na Nairobi. Garratt aliyoipenda huenda ni ya 60. Hizo zilikuwa 29, za miaka ya 1953 na 1954, zenye mpangilio ule ule wa magurudumu kama 59, lakini zilikanyaga kwa tani 11 tu kwa ekseli. Zilipewa majina ya magavana wa kikoloni, na baada ya uhuru majina hayo yakaondolewa, kwa hiyo usishangae kama yeye aliitaja kwa namba tu.

Usione kwamba nimemshusha. Jiulize mhandisi yupi alikuwa na mtihani mgumu: yule aliyepewa tani 30 kwa ekseli, au yule aliyepewa 11 na kuambiwa avushe pamba ya Mwanza na mizigo ya Kigoma kwenye reli nyepesi, nchi kavu yenye maji ya kuokoteza? Injini hizi zote za Afrika Mashariki zilichoma mafuta mazito, na fayamani wa mafuta hashiki koleo. Anashika vali, anatazama rangi ya moshi, anasikiliza. Akizidisha mafuta, moshi mweusi unatanda na mabomba ya boila yanaziba masizi. Akipunguza, mvuke unashuka katikati ya mlima na treni inakwama porini. Mtu aliyefanya kazi hiyo kwa miaka na akasema hakuna kama Garratt, alikuwa anazungumzia reli yake, na kwa reli yake alikuwa mkweli.

Kufikia mwaka 1980 za 59 zote zilikuwa zimestaafishwa, dizeli zikachukua njia. Mbili zimebaki, zote Nairobi: namba 5918, Mount Gelai, na namba 5930, Mount Shengena. Gelai uko kaskazini kwetu, jirani na Ziwa Natron. Shengena ndio mlima mrefu kuliko yote katika Upare. Kati ya milima yote ya Afrika Mashariki, iliyobaki Nairobi ni miwili ya Tanzania. Mkipata nauli, nendeni wote watano. Mtazame dohani: ikiwa bapa kama imekandamizwa kutoka pembeni, ni ile ya Giesl, Mwaustria aliyebuni namna ya kutoa moshi kwa kupoteza mvuke kidogo zaidi. Halafu muiname mtazame chini, muone ile mita moja.

Na nyumbani, mtafute kitabu cha kazi cha babu au karatasi zake za zamu. Wazee wengi walivihifadhi kwenye sanduku la nguo. Namba ya injini ikianza na 60, tumeipata. Ikianza na 30 au 31, basi alifanya kazi pia kwenye zile zilizopewa majina ya makabila, na hizo zina hadithi yao nyingine kabisa. Ukiziona hizo namba, niandikie.